Ruaha Mbuyuni: gunia lahesabiwa, mgonjwa hahesabiwi

Mfanyabiashara wa vitunguu anayeteremka mlima Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni huwa na maswali mawili tu kichwani: gunia leo ni bei gani, na limefungwa kwa mizani au limejazwa lumbesa. Swali la tatu, kwamba akiugua huko bondeni atatibiwa wapi na kwa fedha ya nani, hulikumbuka siku homa imemlaza gesti huku madalali wakipanga bei bila yeye. Safu hii, ambayo kawaida yake ni bei za mazao na mwenendo wa hisa, wiki hii inawaomba radhi wasomaji wake na kuligeukia swali hilo la tatu. Lina fedha nyingi ndani yake kuliko wengi wetu tunavyodhani, na sehemu ya fedha hizo inatoka mifukoni mwetu.

Kwa msomaji ambaye hajafika, Ruaha Mbuyuni ni kata ya Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Ukitoka Mikumi unapita bonde la mibuyu huku mto Ruaha Mkuu ukiwa jirani, na ukiendelea mbele unaanza kuutafuta mlima. Maji ya Ruaha na ya mto Lukosi ndiyo yaliyoifanya ardhi hii ya joto kuwa shamba la vitunguu. Basi likisimama tu, neti za vitunguu zinaning'inizwa madirishani kabla dereva hajavuta breki ya mkono. Nyuma ya wachuuzi hao wapo vibarua wa mashamba, wapagazi, madalali, mama lishe, wenye gesti, mafundi wa matairi, na madereva wa malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Wengi wao si wenyeji, na wengi hawatakuwapo hapo mwezi ujao.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuharibika.

Gunia la lumbesa linajulikana. Mnunuzi analipia gunia moja, lakini juu ya mdomo wake linaongezwa kilemba cha vitunguu na kushonwa kwa kamba, akaondoka na gunia moja na nusu. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilikimbiza lumbesa miaka nenda rudi. Mkulima analalamika, na ana haki. Lakini hakuna anayelalamikia lumbesa nyingine iliyopo katika kijiji hicho hicho, ile ya huduma za tiba. Kituo cha tiba cha barabarani hupimiwa dawa, watumishi na fedha kwa kipimo cha wakazi wake. Kisha juu ya mdomo kinashonewa kilemba cha wapita njia, vibarua wa msimu na majeruhi wa ajali za Kitonga, na hakuna anayekilipia kilemba hicho.

Haya hayakuja kwa bahati mbaya. Ni matokeo ya namna mageuzi ya sekta ya afya yalivyopangwa, na inafaa tuyapitie kwa haraka ili tujue ni wapi mfanyabiashara aliachwa nje.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 tiba katika hospitali za serikali ilikuwa bure kwa jina, na dawa zilikuwa hazipo kwa vitendo. Tiba ya kibinafsi ya kibiashara, iliyopigwa marufuku mwaka 1977, iliruhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1993 ikaingia sera ya kuchangia gharama, ikianzia hospitali kubwa na kushuka ngazi kwa ngazi. Mwishoni mwa 1995 wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, ikawa ya kwanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao kaya inalipa mchango mmoja kwa mwaka mzima na kutibiwa bila kutoa fedha kila inapougua. Sheria ya mfuko huo ikapitishwa mwaka 2001. Utamu wa mpango ulikuwa katika kile kilichokuja kuitwa "tele kwa tele": kila shilingi iliyochangwa na wananchi ilitakiwa kuongezewa nyingine kutoka serikalini. Kwa lugha ya biashara, ni faida ya asilimia mia moja siku ile ile unayoweka mtaji. Sijui hisa gani iliwahi kumpa mtu faida ya namna hiyo.

Hata hivyo wafanyabiashara hawakujiunga kwa wingi, na sababu si ujinga. Kadi ya awali ya mfuko huo ilikuwa ya halmashauri. Mtu wa Kilolo aliyepeleka mzigo Dar es Salaam akaugulia sokoni alikuwa na kadi isiyo na thamani kuliko tiketi ya basi aliyokwisha kuitumia. Mpango ule ulibuniwa kwa ajili ya mkulima anayelala kwake siku 365, na mtu ambaye riziki yake ni kusafiri alionekana kama si mwananchi wa mahali popote. Mwaka 2018 mfuko uliboreshwa, mchango ukawekwa Sh. 30,000 kwa kaya ya watu sita, na usimamizi ukapandishwa hadi ngazi ya mkoa. Hiyo ilikuwa hatua, ingawa Ruaha Mbuyuni ipo mpakani. Mgonjwa wa huko akizidiwa ana njia mbili: kupanda Kitonga kwenda hospitali ya Kilutheri ya Ilula, au kushuka kwenda hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi, ambako ni Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Mtu mwenye mgonjwa mahututi usiku, na lori limekwama kwenye kona za mlima, hachagui mkoa.

Tukigeukia fedha za serikali na wafadhili, kisa ni kile kile kwa sura nyingine. Mwaka 1999 wafadhili kadhaa walianza kuweka fedha zao katika Mfuko wa Pamoja wa Afya, na kutoka katika kapu hilo kila halmashauri ikawa inapata mgao wa kutekeleza mpango wake kabambe wa afya. Katikati ya miaka ya 2000 ikawekwa kanuni ya mgao: asilimia 70 kwa idadi ya watu, asilimia 10 kwa umaskini, asilimia 10 kwa urefu wa njia ambazo magari ya afya ya halmashauri yanapita, na asilimia 10 kwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Ilikuwa kanuni nzuri, nami niliyesomea biashara naipenda kwa sababu inaeleweka na haina upendeleo wa kigogo yeyote. Kabla yake halmashauri iliyokuwa na hospitali kubwa ndiyo iliyopata fungu kubwa, mwenye nacho akaongezewa.

Tatizo ni neno "watu". Watu hao wanatoka katika sensa, na sensa ya 2022 ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Dereva aliyelala Ruaha Mbuyuni usiku ule alihesabiwa Ruaha Mbuyuni, na hilo nalikubali. Lakini usiku mmoja unabebeshwa kazi ya miaka kumi. Aliyepita mchana na kuacha kidonda chake kifungwe hakuonekana. Kibarua aliyefika msimu ulipochanganya, akakaa miezi mitatu, akaugua malaria mara mbili na kuondoka, yumo katika hesabu za kijiji kingine ambacho hakutumia hata kidonge chake kimoja.

Ongeza hapo balaa la wastani. Mkoa wa Iringa kwa sehemu kubwa ni nchi ya baridi, na katika vipimo vya kitaifa umekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo. Makao makuu ya wilaya ya Kilolo yapo juu vilimani. Ili mtu wa Ruaha Mbuyuni ayafikie kwa lami hupanda Kitonga, akapita Ilula, akafika Ipogolo kwenye malango ya Iringa mjini, kisha akakata kushoto na kuanza kupanda upya. Bondeni kwake ni joto, mifereji ya umwagiliaji na mbu. Mpangaji anayesoma takwimu ya mkoa anaona malaria si tatizo. Mtu wa bondeni anayesoma takwimu hiyo hiyo akiwa amejifunika blanketi mchana wa jua kali anashindwa kujua wanazungumzia Iringa ipi. Wastani ni kama bei ya gazetini: ni ya kweli, lakini hakuna aliyewahi kununua gunia kwa bei hiyo.

Je, hesabu ya mahali inaweza kubadilisha lolote, au ni maneno ya wasomi? Jibu lipo jirani tu, ng'ambo ya mpaka. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990 wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilikuwa uwanja wa mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP, uliofadhiliwa kutoka Kanada. Wazo lake lilikuwa jepesi mno kiasi kwamba mtu anajiuliza kwa nini halikuwahi kutumika: halmashauri ipewe takwimu za magonjwa yanayowaua watu wake yenyewe, ione kama fedha zake zinayafuata magonjwa hayo, na ipewe nyongeza ndogo isiyozidi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Ikabainika kwamba malaria, muuaji mkubwa, ilikuwa ikipata sehemu ndogo ya bajeti, na magonjwa yasiyoua sana yakipata zaidi. Halmashauri zikahamisha fedha kwenda kwenye vyandarua na matibabu ya watoto. Kati ya nyongeza ile zikaweza kutumia takriban senti 80 tu za dola kwa mtu. Vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano hivi. Kinachostahili kumshtua mwekezaji hapo ni kwamba mtaji haukuongezeka sana. Kilichoongezeka ni kujua mzigo uko wapi.

Iringa yenyewe ilikwisha kufanya jambo la namna hiyo mapema zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1983 ulizinduliwa mpango wa lishe wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa fedha za Italia, ukianza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, matokeo yakajadiliwa kijijini, na serikali ya kijiji ikaamua hatua. Katika miaka michache utapiamlo mkali ulipungua kutoka zaidi ya asilimia 6 ya watoto hadi chini ya asilimia 2. Fedha za nje zikaja kwisha, mizani ikaanza kupata kutu, na utafiti wa kitaifa wa 2022 ukaikuta Iringa ikiongoza nchi nzima kwa udumavu, watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano. Mkoa unaolisha masoko ya watu wengine! Wenye kujua lishe wanazo sababu nyingi za hali hiyo na safu hii haina ubingwa wa kuzipima. Ninachokiona mimi kwa jicho la hesabu ni mradi uliofanya kazi vizuri bila kuachiwa mfuko wa kuuendesha kutoka katika mapato ya mahali penyewe.

Basi tuyaangalie mapato ya mahali penyewe. Ushuru wa mazao, ambao kwa sheria hulipwa na mnunuzi, ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaovuka halmashauri ukasamehewa. Tuchukue mfano wa kubuni, msomaji aweke namba zake mwenyewe kadiri ya bei ya siku. Lori limebeba magunia 100 ya kilo 100 kila moja, na tuseme gunia ni Sh. 80,000. Mzigo ni Sh. milioni 8. Kwa kiwango cha juu cha asilimia 3, ushuru ni Sh. 240,000. Sasa gawanya kwa ule mchango wa Sh. 30,000 wa mfuko ulioboreshwa: unapata kaya nane, yaani watu 48 wa kutibiwa mwaka mzima, kutoka katika lori moja. Hata kwa kiwango cha chini cha asilimia 2, zinabaki kaya tano na chenji.

Sisemi ushuru wote uende kwenye dawa. Zipo barabara, zipo shule, yapo madawati, na yupo mtendaji anayehitaji kalamu. Ninachosema ni kwamba mnunuzi wa vitunguu anayedhani yeye ni mpita njia asiye na haki ya kuuliza habari za zahanati anajidanganya. Kila lori linalopita kizuizini limekwisha kuchangia, ila stakabadhi yake haisemi limechangia nini.

Ipo hoja ya upande wa pili, na wakubwa wa halmashauri wakiitoa wanastahili kusikilizwa. Wanasema: kila soko likidai fedha zake zibaki kwake, vijiji vya juu vya Kilolo, visivyo na lami wala vitunguu, vitakula nini? Mjamzito wa huko ana safari ndefu na mbaya kuliko ya dereva yeyote. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu ile kanuni ya mgao iliweka uzito kwenye umaskini na umbali. Mtu wa Ruaha Mbuyuni akitaka kujitenga na Kilolo kwa sababu ana soko, nitakuwa wa kwanza kumpinga. Lakini hoja hiyo inajibu swali ambalo hatujauliza. Sisi hatuombi fungu kubwa kwa kuwa tunalipa zaidi, tunaomba kilemba kilichoshonwa juu ya gunia kihesabiwe kuwa nacho ni mzigo. Kisipohesabiwa, anayekilipia ni mwenyeji yule yule maskini wa bondeni, anayekuta dawa za robo mwaka zimekwisha mwezi wa pili.

Na hapa sina budi kuwageukia wafanyabiashara wenzangu, maana lawama yote haiwezi kupelekwa ofisini. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja zilianza kutumwa kutoka Hazina moja kwa moja hadi katika akaunti ya benki ya kila kituo cha tiba, zahanati ikiwemo. Hayo ni mapinduzi ambayo magazeti hayakuyapigia kelele. Zamani zahanati ilikuwa inaomba sabuni wilayani kama mtoto anavyoomba nauli. Sasa kituo kikapewa akaunti, kikapewa mfumo wa hesabu, na kikawekewa kamati ya usimamizi yenye wajumbe wanaotoka kwa wananchi wa kuidhinisha mpango na matumizi. Kwa lugha yetu hiyo ni bodi ya wakurugenzi. Na wafanyabiashara wangapi wa vitunguu wamewahi kugombea ujumbe wake? Tunajua bei ya gunia la Mang'ola na la Singida kwa simu kabla jua halijachomoza, lakini hatujui jina la mwenyekiti wa kamati inayoshika fedha za dawa zetu.

Zaidi ya hapo, tunakwepa. Mzigo unapakiwa usiku, tani tatu zinagawanywa katika vigari vitatu ili kila kimoja kiitwe tani moja, kisha asubuhi tunakaa kibarazani kulaumu kwamba zahanati haina kitanda. Mfuko wa Afya ya Jamii nao tuliujia kwa hesabu ya kikafiri: mtu alijiunga siku ameugua na mwaka uliofuata, akiwa mzima, akaacha kulipa. Bima ya namna hiyo haiwezi kusimama hata ingeendeshwa na malaika. Mtu anayekata bima ya lori siku lori limekwisha kupinduka tunamwita mwizi. Anayefanya hivyo kwa bima ya mwili wake tunamwita mjanja.

Mwandishi wa safu hii naye ana doa lake. Miaka michache iliyopita niliugua njiani nikaingia katika kituo kimoja cha tiba kando ya barabara kuu, nisingependa kukitaja. Muuguzi akafungua daftari, akaniuliza jina, umri, na ninakotoka. Foleni ilikuwa ndefu, kichwa kinauma, nikataja kijiji hicho hicho tulichokuwepo ili mambo yaishe. Nikapata dawa nikaondoka. Miaka ikapita kabla sijatambua nilichokifanya: nilijigeuza mwenyeji kwa kalamu, nikala dawa ya mwenyeji, na nikakifutia kituo kile ushahidi wa pekee kwamba kinatibu wageni.

Daftari lile ndilo msingi wa pendekezo langu. Katika mfumo wa takwimu za afya unaoitwa MTUHA, kitabu namba 5 ni rejesta ya wagonjwa wa nje, nayo huandikwa mahali mgonjwa anapoishi. Haihitajiki tume, wala mtaalamu kutoka nje, wala semina yenye posho. Kamati ya kituo ikikaa na kitabu hicho cha mwaka mmoja, ikahesabu waliotoka nje ya kata mwezi kwa mwezi, na kuweka hesabu hiyo kando ya stakabadhi za ushuru za miezi hiyo hiyo, itapata picha ambayo hakuna sensa inayoweza kuitoa. Itaona kama msimu wa vitunguu ukipanda na wagonjwa wanapanda, na kwa kiasi gani. Hapo mpango wa kituo unaweza kuomba dawa nyingi kwa miezi ya msimu na chache kwa miezi mingine, badala ya kugawa sawasawa kama mtu anayepika sufuria ile ile siku ya kawaida na siku ya arusi. Ombi lenye namba mkononi ni gumu kulikataa wilayani. Ombi la kulalamika tu huandikiwa "tumepokea".

Jambo hili halina muda wa kuchezea, na sababu iko katika ugonjwa mmoja ambao barabara hii inaujua. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 uliweka maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kwa watu wazima wa Iringa kuwa asilimia 11.1, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4; Njombe ilikuwa na 12.7 na Mbeya 9.6. Nyanda za Juu Kusini ndizo zilizobeba mzigo huo, na dawa za kufubaza virusi kwa miaka mingi zimetoka kwa fedha za Wamarekani na za Mfuko wa Dunia. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili kuipitia upya, na watu wengi wakatambua kwa mara ya kwanza kwamba kidonge wanachokimeza kila jioni kilikuwa na saini ya mtu wa Washington. Katika bajeti ya Juni 2025 serikali yetu ikapendekeza tozo mpya, ikiwemo Sh. 10 kwa kila lita ya mafuta, ili fedha ziende sehemu kubwa kwenye Mfuko wa UKIMWI na nyingine kwenye bima ya afya kwa wote. Lori linalojaza lita 400 linaacha Sh. 4,000 za tozo hiyo kila tangi. Mwenye lori ataziongeza kwenye nauli ya gunia, na mwenye gunia ataziongeza kwenye bei. Kwa hiyo mchango upo, tumekwisha kuanza kuutoa. Lililobaki ni kuuliza unarudi kwa njia gani katika barabara ile ile inayoukusanya.

Safari hii tusirudie kosa la tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021. Ile tuliilalamikia kwa nguvu, ikapunguzwa, na baadaye ikafutwa kwenye kutuma fedha. Lakini katika kelele zetu wachache walifuatilia vituo vya afya vya tarafa vilivyotangazwa kujengwa kwa fedha hizo. Jengo ni rahisi kulizindua. Mganga wa kukaa humo, mashine ya maabara yenye kemikali zake, na gari la wagonjwa lenye mafuta vinahitaji bajeti ya kila mwaka, na bajeti ya kila mwaka haina utepe wa kukata.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, kwa msafiri ina ahadi ambayo mfuko wa mwanzo haukuwa nayo, nayo ni kumfuata mtu badala ya kumsubiri nyumbani. Ikitekelezwa hivyo, kituo cha Ruaha Mbuyuni kitalipwa kwa kila mgonjwa aliyemtibu, awe wa Kilolo au wa Tunduma, na kilemba kitageuka kutoka hasara kuwa mapato. Lakini kituo kisicho na dawa hakitapata cha kudai. Mwenye bima atakipita kwenda Mikumi au Ilula, na fedha zitamfuata huko. Kwa hiyo kituo kinachotaka kufaidika na bima lazima kiwe kimejipanga kabla, kama duka linalojaza bidhaa kabla ya msimu.

Sheria za serikali za mitaa zinataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mipango inayoingia humo huanza kukusanywa kutoka vijijini miezi mingi kabla, wakati wengi wetu tuko njiani na mizigo. Mwenye kibanda, mwenye gesti, dalali na mwenye mizani wa Ruaha Mbuyuni wakubaliane angalau mtu mmoja wa kubaki. Ahudhurie mkutano huo, asikilize taarifa mpaka mwisho, kisha anyooshe mkono na kuuliza mambo matatu: ushuru wa vitunguu wa msimu uliopita ulikuwa kiasi gani, kitabu namba 5 kinasema wageni wangapi walitibiwa, na nafasi ya mjumbe wa kamati ya kituo itakuwa wazi lini.